Mitumbwi ya Kushonwa ya Ziwa Viktoria

Wavuvi wa sambaza wanaporudi asubuhi hapa Bukavu, tunaona mitumbwi mitatu imeunganishwa pamoja kwa miti mirefu na kamba. Wengi hudhani kufunga kwa kamba ni kazi ya mtu aliyekosa misumari. Tutazame mahali ambapo kamba ilishika, si mitumbwi mitatu, bali chombo kizima.

Katika visiwa vya Sese, ndani ya ziwa Viktoria, mafundi wa Buganda walianza na gogo refu. Walilichonga kuwa uti wa chini, na ncha yake ilitokeza mbele kama pua. Msumeno haukuwako, kila ubao ulichongwa kwa tezo. Kisha walitoboa matundu kandokando ya mbao, wakazishona ubao kwa ubao kwa nyuzi za miti, na nyufa wakaziziba. Hata hivyo maji yaliingia, na safarini ilipasa kuyateka bila kuchoka. Stanley, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka wa 1875, alikuta mtumbwi wa vita wenye urefu wa zaidi ya mita 20 na nafasi za wapiga kasia zaidi ya 60.

Je, walishona kwa kukosa chuma? Neno hili halisimami. Jirani zao Banyoro walikuwa wafua chuma hodari, na tezo yenyewe ilikuwa ya chuma! Huko pwani ya bahari mtepe wa Lamu ulishonwa vilevile, na Mgiriki mmoja wa karne ya kwanza alitaja mji wa Rapta, ulioitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vya kushonwa. Hata Wavikingi wa Ulaya ya Kaskazini, mabingwa wa misumari, hawakuiacha kamba. Chombo chao cha Gokstad, kilichojengwa karibu na mwaka wa 890 na kufukuliwa Norwe mwaka wa 1880, kina mbao zilizopandana na kupigwa misumari ya chuma. Lakini mbao za chini zilifungwa kwenye mbavu kwa mizizi ya miti. Mwaka wa 1893 Wanorwe walijenga mfano wake, wakavuka bahari hadi Amerika, na nahodha Magnus Andersen aliona chombo kikijipinda kufuata mawimbi bila kuvunjika. Kamba inakubali kupindwa. Ndiyo faida yake.

Sisi wa Kanisa tuna deni hapa. Mapadri Weupe wa kwanza wa Buganda tunawataja kwa majina: Padri Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakafika Kigungu tarehe 17 Februari 1879, kisha Mutesa akatuma mitumbwi yake kuwachukua Mapadri Livinhac, Girault na Barbot kutoka kusini ya ziwa. Lakini ni nani anayewataja waliopiga kasia, au walioshona zile mbao? Katika masomo yetu ya historia watu hawa hupita kama upepo.

Baadaye ugonjwa wa malale uliingia. Kufika mwaka wa 1909 serikali ya Waingereza ilikuwa imewahamisha watu wa Sese, na mafundi wakatengwa na miti yao na ziwa lao. Mashua za mbao zinazochukua samaki na abiria katika ziwa lile hata leo huitwa sese, ila zimepigwa misumari.