Kutoka Utii hadi Ufuasi: Istilahi ya Tiba na Hesabu Zake Pemba

Istilahi za tiba zina historia yake, na aghalabu historia hiyo hueleza ni nani aliyekuwa na mamlaka wakati zilipobuniwa. Kitabu cha Sackett na Haynes cha mwaka 1976, kuhusu wagonjwa na maagizo ya daktari, kilitumia neno la Kiingereza lenye maana ya utii. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake juu ya tiba za muda mrefu, lilichagua neno jingine, lenye maana ya kushikamana na jambo ambalo mgonjwa ameliridhia. Kwa Kiswahili dhana hii ya pili huitwa ufuasi.

Kisiwani Pemba tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 2012, kwa miaka kadhaa, mradi wa kutokomeza kichocho Zanzibar uligawa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka, shuleni na nyumba kwa nyumba. Utafiti wake ulichukua shehia 45 za Pemba na 45 za Unguja. Sasa, orodha ya mgawaji huonyesha aliyepewa vidonge. Haionyeshi aliyeviacha duru baada ya duru.

Tuchukue mfano wa watu 10,000, na kila duru wameze asilimia 80. Iwapo wanaokosa hukosa kwa bahati tu, baada ya duru tano watabaki takriban watu watatu ambao hawajameza hata mara moja. Iwapo wanaokosa ni wale wale, watabaki 2,000, nao waweza kuendelea kupeleka mayai ya kichocho katika vijito na mabwawa. Asilimia ni moja, matokeo ni mbalimbali kabisa. Ndiyo maana kielelezo cha takwimu hakitosheki na wastani. Huuliza: aliyemeza duru iliyopita ana uwezekano gani wa kumeza duru hii, na aliyekosa je?

Twapendekeza basi mfasiri atenge istilahi tatu: ugawaji, kwa dawa iliyotolewa, umezaji, kwa dawa iliyotumika katika duru moja, na ufuasi, kwa mwenendo wa mtu yule yule duru hata duru. Fomu ikiandika ufuasi pahala pa ugawaji, watu 2,000 hupotea katika karatasi, na maradhi yakabaki. Neno utii tuliache. Aliyekataa dawa kwa kuhofu kizunguzungu ahitaji kuelezwa kabla ya kuhesabiwa.