Lenzi ya Jicho na Maji Yake

Lenzi ivaliwayo jichoni ilianza kuwa ya kioo. Adolf Eugen Fick, tabibu aliyekuwa Zurich, alitoa habari zake katika mwaka wa 1888, baada ya kuijaribu kwa sungura na kisha katika macho yake mwenyewe. Ilikuwa nzito, na haikuvumilika ila kwa saa chache. Mwaka wa 1961 Otto Wichterle, mwanakemia wa Chekoslovakia, alifanya lenzi laini nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Lenzi hiyo hunywa maji, kwa hiyo jicho huipokea. Lakini kinywacho maji huweza kupokea na uchafu. Basi ikahitaji dawa ya kuisafisha.

Katika mwaka wa 2006 dawa yenyewe iliingia mashakani. Singapore, Hong Kong na Marekani, kuvu iitwayo Fusariamu, ambayo makao yake ni udongo na mimea, ilishambulia konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Marekani peke yake wagonjwa 164 walithibitishwa, na yapata theluthi yao walihitaji kupandikizwa konea ya maiti. Wengi walikuwa wametumia dawa moja, ReNu with MoistureLoc ya Bausch & Lomb, nayo iliondolewa sokoni duniani kote mwezi wa Mei.

Yamkini msomaji atadhani ya kwamba kuvu ilitoka kiwandani. Sivyo: chupa zilizokuwa hazijafunguliwa hazikuonekana na kuvu. Ilitoka katika mazingira ya wavaaji, na dawa ikashindwa kuiua. Viungo vilivyotiwa ili jicho lipate unyevu na raha, maji yalipokauka, viliweza kufanya ukoko ambamo kuvu ilijisitiri. Tena wako wavaaji waliozoea kuongeza dawa mpya juu ya dawa ya jana.

Twaona hapa ya kwamba dawa ilipimwa ikiwa mpya, bali ilitumiwa ikiwa imechakaa. Kati ya maabara na meza ya chumba cha kulala ndimo macho yalimopotea. Yapasa mtengenezaji aijue desturi ya mtumiaji kabla ya kuisifu dawa yake. Na mtumiaji naye amwage maji ya jana, akaushe kikasha, na jicho likiuma na kuwa jekundu, aivue lenzi na kumwendea tabibu bila kungoja kesho.