Mbwa wa kuchunga mifugo

Mbwa wa kuchunga mifugo (huitwa pia mbwa mchungaji) ni mbwa anayemsaidia binadamu kuongoza au kulinda ng'ombe, kondoo na mbuzi. Si spishi ya pekee, bali ni mbwa wa kufugwa (Canis lupus familiaris) kama wengine, ila ukoo wake umechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya kazi hiyo. Siku hizi mbwa wa namna hii hufugwa pia katika nyumba zisizo na mifugo, hasa mijini, kama walinzi au wenzi wa familia. Matatizo mengi ya ufugaji wake hutokea hapo, kwa kuwa silika ya kazi hubaki hata kama kazi yenyewe haipo.

Kuongoza na kulinda

Kazi za mbwa hawa ni za aina mbili, na hazifanani.

Mbwa waongozaji hukusanya kundi, hulisukuma mbele na kumrudisha mnyama aliyepotea. Silika yao imetokana na uwindaji wa mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, aliye asili ya mbwa wa kufugwa. Mwindaji hukodoa macho, hunyemelea, hukimbiza, hukamata na kuua. Wafugaji walichagua mbwa waliofanya hatua za mwanzo kwa bidii bila kufikia zile za mwisho.

Mbwa walinzi hutakiwa kuwa na tabia iliyo kinyume. Hulelewa pamoja na mifugo tangu wakiwa wadogo, huizoea kama ndugu, hukaa katikati yake na kubweka adui anapokaribia. Mfano ni Kangal wa Uturuki. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limewapa wafugaji mbwa wa aina hiyo tangu mwaka 1994, ili mifugo iwe salama na duma wasiuawe.

Aina mashuhuri

Border Collie ni mwongozaji wa kondoo kutoka mpaka wa Uingereza na Uskoti. Wengi wa ukoo huo ni wazao wa dume aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer huko Northumberland.

Mchungaji wa Kijerumani, ambaye Watanzania wengi humwita "jamani shepadi", alianza kusajiliwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz, aliyekuwa ofisa wa jeshi. Kazi ya kuchunga ilipopungua Ulaya kwa sababu ya viwanda, aina hiyo iliingizwa katika kazi za polisi na jeshi, na kwa njia hiyo ikaenea duniani. Dume huwa na kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani na uzito wa kilogramu 30 hadi 40.

Mkoani Singida

Singida ni mkoa wa nyanda kavu katikati ya Tanzania, wenye msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Wanyaturu, Wanyiramba, Wataturu, Wabarbaigi na Wasukuma wanaoishi humo hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mifugo hulala zizini karibu na nyumba.

Mbwa wa vijijini ni wa kienyeji: mwenye nywele fupi, mwembamba na mvumilivu wa jua. Mchana hufuatana na wachungaji, ambao mara nyingi ni vijana na watoto. Usiku hulala karibu na zizi na kubweka anaponusa fisi. Kundi huongozwa na mchungaji mwenyewe kwa fimbo, sauti na mluzi. Kwa hiyo mbwa huyu ni mlinzi zaidi kuliko mwongozaji. Chakula chake ni mabaki ya ugali wa mtama, uwele au mahindi, na mara chache hupata maziwa au mifupa.

Kwa kawaida mbwa haingii ndani ya nyumba. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo sheria ya Kiislamu inaruhusu kufuga mbwa wa kuchunga, wa kuwinda na wa kulinda shamba.

Kuishi naye nyumbani

Mbwa wa kijijini hutembea kilomita nyingi kila siku na jioni huwa amechoka. Mbwa wa mjini hufungwa bandani au kwa mnyororo mchana kutwa, kisha hufunguliwa usiku. Mwongozaji akifungwa hivyo hujitafutia kazi: hukimbiza baiskeli, bodaboda na kuku wa jirani, huchimba mashimo, hubweka bila kukoma, au huwazunguka watoto wanaocheza na kuwang'ata visigino. Wenye nyumba hudhani ni mkali au mkaidi, kumbe anafanya kile ambacho ukoo wake ulichaguliwa kufanya. Kumpiga huongeza woga, na mbwa mwenye woga ni mwepesi wa kuuma.

Mambo yanayomsaidia ni haya:
* Kutembezwa asubuhi na jioni. Saa za jua kali zifaa kuepukwa, kwa kuwa mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema.
* Kupewa kazi ya akili, kama kutafuta kitu kilichofichwa au kufuata amri chache zilezile.
* Kuzoeshwa watu, watoto na mifugo tangu akiwa na umri wa wiki chache.
* Kufundishwa kuja anapoitwa kabla ya kuachwa huru.
* Kuwa na maji na kivuli wakati wote.

Watoto nao hufundishwa wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na wasimkimbie anapowafuata, kwani kukimbia huamsha silika yake ya kukimbiza.

Afya

Kupe huambukiza mbwa homa zinazoharibu damu. Palipo na mbung'o, kama katika mapori ya wilaya ya Manyoni, mbwa hupatwa pia na nagana, na dalili yake mojawapo ni macho kuwa na ukungu.

Mbwa anayelishwa vichwa vibichi vya kondoo na mbuzi waliokufa kwa ugonjwa wa kizunguzungu hupata tegu. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, huingia malishoni, na mabuu hukua katika ubongo wa mifugo. Wamasai huuita ugonjwa huo ormilo. Hukingwa kwa kuzika au kuchoma vichwa hivyo na kumpa mbwa dawa ya minyoo.

Hatari kubwa kwa familia ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake huambukizwa kwa mate, hasa kwa kuumwa, na dalili zikishaonekana kwa binadamu kifo ni karibu hakika. Aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya siku hiyohiyo ili apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Mtoto mchungaji aliyeumwa porini huweza kunyamaza kwa kuogopa adhabu, kwa hiyo wazazi na walimu wanahimizwa kuwafundisha watoto kusema mara moja.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mahali ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, ugonjwa hukoma kuenea. Mbwa wa zizini na mbwa wa familia huhesabiwa pamoja.