Mashua za Komiža na Njia ya Dagaa

Jumamosi za kiangazi, gati la Split nchini Kroatia hujaa meli ndogo za abiria, zimefungwa ubavu kwa ubavu hadi mtu hulazimika kuvuka sitaha za wenzake ili aifikie yake. Abiria 30 au 40 hupanda na mabegi yao, na kwa wiki nzima hula, huogelea na hulala humo, wakipita kisiwa hadi kisiwa katika Bahari ya Adria. Wengi huelekea Hvar, Korčula na Dubrovnik, majina yanayojulikana. Manahodha wachache tu huelekeza omo bahari kuu, kwenye kisiwa cha Vis na mji wake mdogo wa Komiža, na hao ndio wanaowapitisha wageni juu ya njia ya kazi yenye historia nzito kuliko zote katika pwani ya Dalmatia.

Meli zenyewe zina asili yake. Nyingi zinatoka Krilo Jesenice, kijiji kilicho kusini kidogo ya Split ambacho ukikipita kwa gari huenda usikione. Watu wa Krilo walikuwa wabeba mchanga. Walichota mchanga kwenye midomo ya mito, wakaupakia katika vyombo vya mbao na kuupeleka kwenye miji iliyokuwa ikijengwa. Malori na barabara yalipoinyang'anya bahari mzigo huo, familia hizo hazikuuza vyombo vyao. Zilisafisha ngama, zikagawa vyumba pale ulipokaa mchanga, zikaweka meza na kivuli juu ya sitaha. Hivi leo kijiji hicho kina sehemu kubwa ya meli ndogo za kitalii za Kroatia, na zile mpya za chuma zinazoundwa sasa bado humilikiwa na familia za mabaharia walewale.

Lakini ujuzi wa kuvuka bahari ya wazi kwa chombo kidogo haukuanzia Krilo. Huo ni urithi wa Komiža.

Vis kiko mbali na bara kuliko visiwa vingine vikubwa vinavyokaliwa na watu nchini Kroatia. Wagiriki wa Syracuse walianzisha hapo mji wa Issa katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Kuanzia 1420 hadi 1797 kisiwa kilikuwa chini ya dola ya Venice. Komiža imekaa magharibi ya kisiwa, chini ya mlima Hum wenye kimo cha mita 587, na inatazama bahari tupu. Ardhi ilitoa zabibu. Bahari ilitoa dagaa, na dagaa wazuri kuliko wote walikuwa Palagruža, kundi la visiwa vidogo vya mawe lililoko maili 42 za baharini kutoka Komiža, karibu zaidi na Italia kuliko na bara la Kroatia.

Kisiwa kikubwa cha Palagruža kina urefu wa kilomita 1.4 na upana usiozidi mita 300. Hakina bandari wala mto. Kina ufuo mmoja wa kokoto unaofaa kupwelezea mashua, nao ni mfupi. Kila jambo katika uvuvi wa Komiža lilitokana na ufupi wa ufuo huo.

Dagaa walivuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa kuwa kwenye mbalamwezi samaki huuona wavu. Mvuvi wa Mwanza au Kilwa anayewasha taa yake giza likiingia anaijua kalenda hiyo bila kufundishwa. Basi mwezi ulipopungua, mashua zote za Komiža zilitaka kufika Palagruža kwa wakati mmoja, na nafasi ufuoni haikuzitosha. Aliyetangulia alivuta mashua yake juu ya kokoto na kuandaa mahali pa kutilia samaki chumvi. Aliyechelewa alipakua na kupakia vitu vyake kila siku, huku mashua yake ikibaki majini ikihatarishwa na kila badiliko la upepo. Hapo ndipo mashindano yalipozaliwa. Hayakuwa michezo, maana kushindwa kulimaanisha hasara ya msimu. Kumbukumbu za 1593 zinataja mashua 74 zilizong'oa nanga pamoja, kila moja na watu watano: zaidi ya wanaume 300 wakikimbilia ufuo mmoja. Upepo ukiwepo walitweka tanga. Ukikata, walipiga makasia, na wakati mwingine walipiga makasia karibu njia nzima ya kilomita 78.

Mashua iliyofanya kazi hiyo iliitwa falkuša, na mwandishi wa makala haya hajui chombo kingine kidogo kilichobuniwa kwa busara zaidi ya hiyo. Ina urefu wa takriban mita 9, nyembamba, imechongoka omo na shetri. Mlingoti wake unakaribia urefu wa mashua yenyewe, nao hubeba foromali ndefu na tanga la pembe tatu ambalo baharia wa Lamu angelitambua kuwa ni la ukoo mmoja na lake. Mataruma yalichongwa kwa misonobari ya Svetac, kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Komiža, ambako miti ilikua imejipinda kwa upepo na hivyo ikafaa kwa umbo la mbavu.

Ubunifu wenyewe uko ubavuni. Chombo cha kuvuka bahari kuu hutaka ubavu mrefu ili mawimbi yasiingie. Chombo cha kuvulia kwa wavu hutaka ubavu mfupi, kwa sababu wavu uliojaa samaki hauwezi kuinuliwa juu sana kwa mikono ya watu watano, na kasia nalo hutaka kuwa karibu na maji. Mafundi wa Komiža walitimiza mahitaji yote mawili katika chombo kimoja. Waliunda mashua ya ubavu mfupi, kisha wakatengeneza mbao za ziada zinazopachikwa juu yake wakati wa safari na kung'olewa wakati wa kuvua. Nahodha aliondoka Komiža akiwa na mashua ya bahari kuu na kufika Palagruža akiwa na mashua ya uvuvi.

Kazi haikuishia kwenye wavu. Dagaa huharibika haraka, na nyumbani kulikuwa mbali, kwa hiyo mashua ziliondoka zimebeba mapipa, chumvi, chakula na kuni. Samaki walitiwa chumvi na kupangwa ndani ya mapipa palepale kisiwani. Hadi leo mapishi ya Komiža hayaachi kumtaja dagaa wa chumvi.

Utalii wa mashua ndogo uliingia katika maisha haya kupitia pango. Kwenye kisiwa cha Biševo, karibu kilomita 5 kutoka Vis, kuna pango ambalo mwanga wa jua huliingia kupitia uwazi ulio chini ya maji na kulifanya lote liwe buluu kabla ya adhuhuri. Mwaka 1884 Eugen von Ransonnet, mchoraji na mtafiti kutoka Austria, alilieleza kwa ulimwengu, na kwa shauri lake mwamba ulilipuliwa kupata mlango wa kuingilia. Mlango huo una kimo cha mita moja na nusu tu. Meli kubwa haina nafasi hapo. Abiria hushuka katika boti ndogo, huinamisha vichwa, na huvushwa na mwendesha boti wa Komiža. Hivyo pango limelinda riziki ya wenye vyombo vidogo kwa zaidi ya miaka 130.

Pango halikutosha kuwashika watu kisiwani. Ugonjwa wa mizabibu na bei mbaya ya mvinyo viliwaondoa maelfu kwenye visiwa vya Dalmatia, na watu wa Komiža walifuata samaki hadi San Pedro, California. Mmoja wao, Martin Bogdanovich, aliyezaliwa Komiža 1882, alishirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya kusindika dagaa mwaka 1917. Kampuni hiyo baadaye ikaitwa StarKist, jina lililo kwenye makopo ya jodari madukani Marekani. Huko nyuma nyumbani, injini ziliingia na mashindano ya Palagruža yakafanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1936.

Baadaye Vis kikafungwa. Kukaa katikati ya bahari kulikuwa kumekipa vita kabla: majeshi ya majini yalipigana karibu nacho mwaka 1811 na tena 1866, na mwaka 1944 Tito, kiongozi wa wapiganaji wa Yugoslavia, aliongoza mapambano yake akiwa hapo. Baada ya vita jeshi la Yugoslavia lilikichimba mahandaki na kujenga maficho ya nyambizi ndani ya mwamba, na wageni kutoka nje ya nchi walizuiwa kuingia hadi 1989. Wenyeji walipoteza ajira na vijana. Ufuo wao nao uliepuka hoteli zilizofunika sehemu nyingine za Dalmatia. Watalii wa leo huusifu utulivu huo. Ingefaa waambiwe wenyeji waliulipia kwa gharama gani. Wakazi wa kisiwa sasa hawafiki 5,000.

Falkuša ya mwisho ya asili iliangamia mwaka 1986. Ujuzi wake ungekufa nayo, ila Joško Božanić, mwanaisimu wa Komiža, alikuwa amekwisha kukusanya maneno na masimulizi ya wavuvi wazee, na kutokana na kazi ya watu kama yeye mashua mpya, Comeza-Lisboa, iliundwa mwaka 1997 na kuonyeshwa Lisbon katika maonyesho ya dunia ya 1998. Katika ngome ya Venice iliyosimama gatini Komiža tangu 1585 kuna makumbusho ya uvuvi, na mgeni anayepewa saa mbili za kushuka mjini afadhali azitumie humo kabla ya kutafuta duka la aiskrimu.

Meli chache hufika hadi Palagruža kwenyewe. Kuna mnara wa taa uliojengwa 1875, na walinzi wake hubadilishana zamu. Bandari bado haipo. Nahodha akileta wageni hutia nanga mbele ya ufuo uleule wa kokoto, huwashusha kwa boti, kisha hukaa akitazama kusini, kwa sababu upepo wa jugo ukianza kuvuma atalazimika kuwarudisha wote chomboni na kuondoka, hata kama chakula cha mchana kiko nusu mezani.