Zama za Maneno ya Kubandika

Vijana wanaojifunza usanifu wa mabango kwangu huniomba orodha ya maneno yatakayoifanya akili mnemba ichore vizuri. Huwa naanza na historia, maana orodha nyingi wanazozipata ni mabaki ya zama zilizokwisha pita.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, akiwamo Elman Mansimov, waliunda programu iliyochora kutokana na sentensi. Picha zilikuwa za pikseli 32 kwa 32, ukungu mtupu. Hata hivyo, ilipoandikiwa kwamba kibao cha barabarani cha kusimamisha magari kinapaa angani, doa jekundu lilitokea kweli katikati ya buluu. Sentensi moja ya kawaida ilitosha.

Mambo yaligeuka Januari 2021, kampuni ya OpenAI ilipotoa CLIP, programu ya kupima jinsi picha na maneno yanavyolingana, iliyofunzwa kwa picha milioni 400 na maandishi yaliyoambatana nazo mtandaoni. Wapenzi wa sanaa waliiunganisha na programu za kuchora, na mwaka huohuo wakagundua kuwa wakibandika maneno “unreal engine” mwishoni, picha inapendeza zaidi. Hilo ni jina la programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, na mtandaoni lilikuwa limeandikwa chini ya picha nyingi zenye mwanga mkali na kingo safi.

Programu ya kuchora ya Stable Diffusion ilipotoka Agosti 2022, kubandika kukazidi: “8k”, “trending on artstation”, kisha jina la Greg Rutkowski, mchoraji wa Poland anayesifika kwa majoka na vita. Jina lake lilitumiwa na umati wa watu asiowajua, hadi akalalamika hadharani kwamba picha hizo zitafunika kazi zake halisi. Alikuwa na haki. Katika karakana yetu jina la mchoraji aliye hai haliandikwi.

Mwaka 2023 ikaja programu nyingine ya kuchora, DALL-E 3, iliyofunzwa zaidi kwa maelezo marefu ya picha yaliyoandikwa na mashine nyingine. Tangu hapo maneno ya kubandika yamepungua nguvu, na anayepata picha nzuri ni yule anayeeleza kwa ukamilifu anachokiona akilini.

Kwetu sisi wa pwani hilo ni jambo kubwa, kwa sababu vitu vyetu vingi havikuwahi kuandikiwa maelezo ya kutosha mtandaoni. Ukiandika “ngalawa” tu, unaweza kuletewa mashua yoyote. Kwa hiyo mimi huandika: chombo chembamba kilichochongwa katika gogo moja, miti miwili imekingamishwa juu yake, ikishika ubao mmoja kila ubavu, sambamba na chombo, tanga moja la pembetatu, lenye viraka, limefungwa kwenye foromali, jua la alasiri linatoka kushoto, maji ni ya kina kifupi. Nikiona picha imetoka na ubao wa upande mmoja tu, nahamishia habari za mbao mwanzoni kabisa, kabla ya tanga na jua, kisha naagiza upya.