Mizani ya Alama: Wanawake katika Vyuo Vikuu vya Iringa na Mbeya

Majengo ya Mkwawa pale Iringa, yaliyojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, yakapita mikononi mwa shule ya sekondari na chuo cha ualimu, yakawa mwaka 2005 makao ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, ambacho kimepata kuongozwa na mwanamke, Profesa Bernadeta Killian; na huko Mbeya chuo cha ufundi kilichoasisiwa mwaka 1986 kikapandishwa daraja mwaka 2012 kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Mwenye kupima usawa kwa kuhesabu vichwa langoni hufarijika upesi penye ualimu, kazi ambayo jamii imekwisha kuiona halali ya mwanamke, akahuzunika penye uhandisi. Wala hesabu yake si batili, ila inaishia barazani.

Ndani kuna alama. Kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu, mwenye shahada ya kwanza haajiriwi mkufunzi msaidizi pasipo wastani usiopungua 3.8 katika 5. Kwa hiyo asahihishaye leo ndiye achaguaye wahadhiri wa kesho, akijua asijue. Ndiyo maana rushwa ya ngono, ambayo wengi huisema kana kwamba ni suala la haya na adabu tu, mimi naiona kuwa ni kuharibu mizani yenyewe: aliyekataa hupewa sapu, aliyeshurutishwa akakubali hupata alama isiyo na baraka, na hata aliyekesha maktaba akapata A kwa haki husengenywa bwenini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaikataza waziwazi katika kifungu cha 25. Lakini sheria husubiri mlalamikaji, na mlalamikaji bado ana mitihani mbele ya mtu yule yule au maswahiba zake. Namba ya mtihani badala ya jina husaidia karatasi ya mwisho. Haisaidii kazi za darasani, wala mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi, ambapo msimamizi na msimamiwa hukaa wawili ofisini. Hapo sharuti pawe na msahihishaji wa pili, na malalamiko yapelekwe nje ya idara.

Na aliyeajiriwa hajafika. Uzamili na uzamivu humwangukia mwanamke katika miaka ile ile ya uzazi, naye kisheria ana likizo ya siku 84. Pengo la malezi linalobaki baada ya likizo huzibwa na binti wa kazi. Na sisi wa Nyanda za Juu hatuna budi kulisema bila soni, maana mabinti wa Mufindi na Makete ndio ambao kwa miaka mingi wamepelekwa Dar es Salaam kulea watoto wa watu, hata tasnifu ya mwanamke mmoja ikaandikwa kwa auni ya mwingine aliyeachishwa shule. Chuo chenye malezi ya watoto ndani ya uwanja wake, kwa walezi wazima wenye ijara ya halali, kingewatua mzigo wote wawili, na pengine kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya ukumbi mmoja wa mihadhara.