MVUA ZIMEANZA: JINSI YA KUTUNZA MIGUU YA MBWA WAKO

Masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) zikikaribia, kila mtu hapa Dar anakumbuka mwavuli na bati linalovuja. Mbwa wa ulinzi anaachwa hivyo hivyo kwenye tope. Baada ya wiki mbili anachechemea, usiku kucha yuko bize kujilamba miguu, na mwizi anapita kiulaini. Leo tuongee hilo.

KWA NINI MIGUU NDIYO INAUMIA?

Mbwa anatembelea vidole. Chini ana vile vinundu vyeusi vigumu, lakini katikati ya vidole ngozi ni laini na ina nywele, kwa hiyo maji yakiingia hapo hayakauki haraka. Ngozi ikikaa na unyevu inalainika, inachubuka, bakteria na fangasi wanapata makazi. Mbwa akiwashwa analamba, mate yanaongeza unyevu, anawashwa zaidi. Ndio maana kitu kidogo cha Jumatatu Ijumaa kinakuwa kidonda.

MATATIZO YA MSIMU HUU

1. Fangasi na bakteria: Wekundu kati ya vidole, harufu ya kuchacha, na kwa mbwa mweupe nywele za miguu zinageuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate.

2. Kupe: Wanapenda kujificha kati ya vidole na ndani ya masikio. Wanaleta magonjwa ya damu yanayoweza kuua.

3. Minyoo ya safura: Mayai yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, halafu viluwiluwi wake wanapenya ngozi ya miguu ya mbwa. Hapa watu wengi hawajui: viluwiluwi hao wanaingia pia kwenye ngozi ya mtoto anayecheza peku uani, wanamchorea mistari myekundu inayowasha balaa. Zoa kinyesi kila siku.

4. Homa ya mgunda: Ndiyo ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Vimelea vyake vinakaa kwenye maji yenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vinaingia kupitia michubuko. Inampata mbwa, inakupata na wewe. Kwa mbwa kuna chanjo, muulize daktari wa mifugo.

5. Chupa na misumari: Maji ya mafuriko yanasomba kila kitu na tope linaficha.

CHA KUFANYA KILA SIKU

- Akitoka kwenye tope, mwoshe miguu kwa maji safi ya uvuguvugu. Kama mkono wako una kidonda, vaa glavu.
- Tanua vidole kimoja kimoja, angalia kupe, miba na michubuko.
- Mkaushe kwa kitambaa kikavu hadi katikati ya vidole. Ukiruka hatua hii, kuosha kote ni kazi bure.
- Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha. Usimpasue kwa vidole.
- Mchubuko mdogo uoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi.
- Kucha zikigusa chini akiwa amesimama, zimerefuka. Kata ncha tu, ndani kuna mshipa wa damu.
- Banda liinuliwe kutoka ardhini kwa matofali au mbao, paa lisivuje. Hata umwoshe vipi, akilala kwenye maji hakuna kitu.

USIJARIBU KABISA

Oili chafu ya gari na mafuta ya taa vinaunguza ngozi, na akilamba ni sumu. Dawa zetu za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake. Usimpe hata nusu kidonge.

MPELEKE KWA DAKTARI WA MIFUGO HARAKA KAMA

Hakanyagi mguu kabisa, umevimba, unatoa usaha, au ana homa na hali chakula. Macho au fizi zikiwa za njano usisubiri kesho.

Mwisho, mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata bosi wake. Mfunge mdomo kwa kitambaa kwa muda mfupi, mtu mwingine amshike. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba. Chanjo yake ya kila mwaka usiikwepe.

Dakika tano kila jioni zinatosha. Wenye mbwa nyumbani, hebu leo mcheki vidole kabla hujalala, halafu tupe habari hapo chini umekuta nini.